Nimepata CD ya bekapu ya 2006 ya ukumbi wetu wa mtandaoni. Waliokuwepo enzi zile, njooni

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga kumsaidia mama kuhamisha vitu vya chumba. Nyuma ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vya shule, nikakuta CD. Mwandiko ni wangu, wino mweusi mnene: UKUMBI WOTE 14/8/2006. Nikakaa kitandani, nikaishika kwa kingo kama tulivyofundishwa, nikaielekeza dirishani. Juu ya neno WOTE kuna kidoti ambacho mwanga unapita mpaka ng'ambo. Nimerudi nayo Dar ndani ya daftari na mpaka sasa sijathubutu kuiingiza kwenye mashine yoyote.

Kwa ambao hamkuwepo, kati ya 2003 na 2008 niliendesha ukumbi wa mtandaoni wa watu wa Tanga, wa nyumbani na wa ughaibuni. Haukuwa mkubwa. Siku ikiwa nzuri ungeona watu ishirini na kitu pale chini palipoandikwa nani yumo ndani sasa hivi. Lakini nilimjua kila mmoja wao. Nilijua nani anaingia alfajiri akitoka zamu ya usiku huko Uingereza, nani anaandika kwa herufi kubwa tupu kwa sababu macho yanamsumbua, na nani akinyamaza siku tatu basi ujue mtoto anaumwa.

Nilianzia GeoCities, huduma ya kujijengea kurasa za bure, mwaka 2000. Wakati huo Yahoo walishainunua, lakini kurasa za zamani bado zilikuwa na anwani za mitaa: huko mwanzoni kila aliyefungua ukurasa alichagua mtaa, akapewa namba kama ya nyumba. Mimi mtoto wa Ngamiani, niliyekulia mahali ambapo barabara hazina majina bali namba, ya kwanza, ya pili, mpaka ya ishirini na zaidi, nikaona hawa watu wanaongea lugha yangu. Nilijifunza kwa kufungua chanzo cha kurasa za wengine na kunakili kwenye daftari kwa mkono, kwa sababu kukaa kafe nasoma ilikuwa kuunguza hela. Nyumbani sikuwa na kompyuta. Naandika daftarini, asubuhi naingia kafe, nachapa kwenye Notepad, nahifadhi kwenye flopi, napandisha. Nikisahau kufunga alama moja ya jedwali, ukurasa wote unalala upande, na saa yangu imeisha.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa phpBB, programu ya bure ya kuendeshea kumbi za mtandaoni. Binamu yangu alikuwa Reading, Uingereza, ndiye mwenye kadi ya benki. Akalipia domeni na seva, mimi nikamwahidi kumlipia ada ya mdogo wake. Nakumbuka usiku ule wa kuusimika mpaka leo. Kupandisha faili moja baada ya nyingine, kuifungulia ruhusa ile config.php, kujaza jina la databesi, kubofya, kusubiri. Halafu inakuambia ufute kwanza mafolda mawili, install na contrib, ndipo mlango ufunguke. Nikafuta. Ikaja ile sura ya kijivu na buluu, subSilver, kila mtu wa enzi zile anaijua. Mada moja. Bandiko moja, lile la mfano linalokuja na programu yenyewe. Nikaandika "Hodi wenyewe". Nikakaa naitazama mpaka mwenye kafe akaanza kuzima taa.

Kule nyumbani baraza ni ya mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeifagia asubuhi na kumwagia maji vumbi litulie, ndiye anayetandika mkeka, na mgomvi akizidi yeye ndiye anayemwambia basi kwa leo nenda ukapumzike. Ndivyo nilivyokuwa. Kila siku kabla ya kazi napita kafe, nafuta matangazo ya dawa yaliyobandikwa usiku na maroboti, nasoma ujumbe, naondoka. Miaka mitano. Sikulipwa senti na sikuwahi kuona ni mzigo.

Mdudu alituingilia Desemba 2004. Wengine mtakumbuka, aliitwa Santy, alikuwa anatumia Google kutafuta kumbi za phpBB zenye tundu lisilozibwa kwenye faili la viewtopic.php, anaingia, anafuta kurasa zote na kuacha maneno ya Kiingereza kwamba tovuti imeharibiwa, pamoja na namba ya kizazi chake. Toleo la 2.0.11 lililoziba tundu lilikuwa limetoka Novemba. Mimi sikuwa nimelipandisha. Niliufungua ukumbi asubuhi nikakuta hayo maneno na miguu ikaniisha nguvu. Databesi ilikuwa salama, lakini mimi sikujua hilo, nililijua baada ya siku mbili. Nikarudisha faili moja moja mpaka usiku wa Krismasi. Kesho yake, tarehe 26, ikaja tsunami. Dar watu walikufa ufukweni siku ile. Na ukumbi ukajaa kuliko siku yoyote: Tanga kukoje? Raskazone kuna maji? Nani ana namba ya mtu yeyote pale Deepsea? Kila aliyepata habari kwa simu alikuja kuimwaga pale. Nilikaa kafe mpaka wakanifungia ndani. Ningechelewa siku mbili tu kuurudisha, wale watu wangeulizia wapi?

Ukafa 2008, nami sikuwepo. Kadi ya binamu iliisha muda, kampuni ya seva ikatuma barua pepe kwenye anwani ambayo hatukuifungua tena, mimi nikiwa kikazi Mwanza vijijini. Niliporudi nikakuta matangazo. Nikawaandikia kampuni, wakanijibu kwamba akaunti imefutwa pamoja na vyote vilivyomo. Sikuwahi kuwaambia wanachama kwa namna inayostahili. Nilinyamaza tu, na hilo linaniuma kuliko faili zenyewe.

Sasa CD hii hapa. Maswali yangu mawili. Moja, naifunguaje bila kuimaliza? Pili, na hili ndilo zito: ikifunguka, nifanye nini na maneno ya watu?

Naomba kuwasilisha.

#2 Mdau, Arusha

Mkuu, umenirudisha mbali. Sina jibu la maswali yako ila niruhusu nikae hapa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa kafe. Mashine nane, modemu moja ya 56k. Vijana wa leo hawawezi kuielewa hesabu hii: hiyo 56 ni kilobiti kwa sekunde, na ni ya kushusha tu, kupandisha ilikuwa 33.6. Flopi yako moja iliyojaa, ukiwa peke yako kwenye laini na simu haikatiki, ni kama dakika sita kupanda. Mkiwa wanane, hesabu mwenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye tovuti tulimjua. Anakuja saa moja asubuhi kabla watu hawajaingia, anaomba mashine ya pembeni, na ukimwona anauma kucha ujue faili inapanda. Nilikuwa na mteja mmoja aliyekuwa na ukurasa wa mashairi. Nilikuwa nikimwona mlangoni nawaomba wengine wasimame dakika kumi. Na walikuwa wanasimama! Wanakuja nyuma yake kuangalia ile mistari ya buluu ikijaa.

Ukurasa ukikaa sawa anaangalia kihesabu cha wageni. Kikiwa kimetoka 212 kwenda 215 ananunulia kafe nzima soda.

#3 Mdau, Mombasa

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa na nimekusoma kwa huzuni na furaha pamoja. Ila ndugu yangu, nataka niweke na upande wa pili kabla hatujaanza kupamba.

Sisi Kenya tulikuwa na Mashada. Kwa Mkenya aliyekuwa nje miaka ile, Mashada ilikuwa ndiyo mtaa wenyewe. Siasa, mpira, ndoa, fununu, kila kitu kilipita pale. David Kobia aliiendesha akiwa Marekani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliposhika moto, ukumbi nao ukashika moto. Watu waliokuwa wakitaniana miaka wakaanza kuitana kwa makabila na kutakiana kifo. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia aliifunga. Mtu anafunga kwa mkono wake kitu alichokijenga karibu miaka kumi, kwa sababu ameona hakisaidii tena kuzuia damu. Akafungua mahali pengine, watu waandike tu kwamba wao hawana kabila, wao ni Wakenya. Na ni yeye huyo aliyekuwa kwenye kuunda Ushahidi, ile tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia, siku zilezile.

Nalisema hili kwa sababu tunapokumbuka tunakumbuka mkeka na chai. Mimi nilikuwepo. Niliandika mambo pale ambayo nashukuru Mungu hayapatikani tena. Kwa hiyo swali lako la pili mimi nalijibu hivi: usiyarudishe maneno ya mtu hadharani bila kumuuliza. Kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeandika kwa hasira si huyu mwenye wajukuu leo.

#4 Mleta mada

Mkuu wa Mombasa, nimepokea, na umenigusa mahali penyewe.

Sisi tuliponea chupuchupu. Uchaguzi wa 2005 tulikuwa na wenzetu wa Unguja na Pemba wengi humo ndani, na mada moja ilianza kwa hoja ikaishia kwa wazazi wa watu. Nilikuwa nimeshalala. Mtu akanipigia kutoka Muscat, simu ya nje, akaniambia tu "amka". Hakuna kafe iliyokuwa wazi saa ile. Nikaenda kumgongea mwenye kafe nyumbani kwake, mvua inanyesha, akanipa funguo bila kuuliza. Nikaifunga ile mada, nikawaandikia wale wawili kila mmoja peke yake. Mmoja alinijibu baada ya wiki, akaniambia: nashukuru hukunifukuza, ulinifungia mlango tu. Mpaka leo ni rafiki yangu.

Leo ugomvi ukizuka kwenye kurasa hizi kubwa unabofya "ripoti" na hujui imekwenda kwa nani. Hakuna wa kumpigia simu umwambie amka.

#5 Modi wa zamani, Muscat

Admin! Ni mimi niliyekupigia. Avata ya asumini, jamvi la Jikoni. Nimetumiwa uzi huu na shoga yangu nikaacha sufuria jikoni.

Hebu niwaambie wenzangu kazi ya umodi, yaani kusimamia jamvi, ilivyokuwa, maana Admin anajieleza yeye tu. Mimi nilikuwa na wanangu wawili wadogo, mume anatoka asubuhi anarudi usiku, nje joto la Muscat, jirani sijui lugha yake. Ule ukumbi ndio uliokuwa unanisemesha. Kulikuwa na mada ya Black Star na Lucky Star, nani mkali wa taarabu, ilikwenda kurasa arobaini. Watu wanakumbushana harusi ilikuwa ya nani, nani alitunza, nguo ilikuwa rangi gani. Kulikuwa na ya mpira, Coastal na African Sports, hiyo nilikuwa naifungua huku nimeshika roho. Na kulikuwa na mada ya tanzia. Mtu akifiwa anaandika pale, na tunamchangia. M-Pesa hakuna, kutuma hela ni kupanga foleni na kulipa ada kubwa, lakini tulichanga. Daftari la michango nilikuwa naandika mimi na bado ninalo.

Lakini nina jambo la kukuomba, na nakuomba kwa heshima zote. Kulikuwa na ujumbe wa siri. Wasichana waliniandikia humo mambo ya ndoa zao ambayo hata mama zao hawakuambiwa. Waliniandikia wakiamini ni mimi tu ninayesoma. Wengine waliweka namba za simu, wengine jina la mtaa wanaokaa. Kama hiyo CD ina hayo yote, naomba yasionekane na mtu yeyote, hata wewe. Nisamehe kusema hivyo.

Na kitu kingine. Ulipokaa kimya 2008 nilidhani umekufa. Niliuliza kwa watu wawili wa Tanga, hawakukujua kwa jina lako la kweli. Nikakusomea yasini.

#6 Fundi wa databesi, Dodoma

Mleta mada, nijibu la kwanza.

Usiiingize CD kwenye kompyuta ukaanza kufungua faili. Kwanza itoe nakala nzima kama taswira, kwa programu inayojua kurudia sehemu zilizogoma. Tumia ddrescue, iache usiku kucha. Halafu CD irudi kwenye bahasha na kazi yote ifanyike kwenye nakala. Hicho kidoti chako ni kibaya kuliko mkwaruzo wa chini. Watu wengi wanaogopa upande unaong'aa, kumbe tabaka lenyewe linaloakisi mwanga liko juu, karibu kabisa na hapo ulipoandika kwa kalamu. Likitoboka pale, data ya mahali hapo imekwenda.

Faili ikiwa imebanwa kwa gzip, utaweza kuifungua mpaka inapofika kwenye kidonda, kisha itasimama. Kwa hiyo kinachopona kinategemea mpangilio. Bekapu ya phpBB 2 inatoa majedwali karibu kwa alfabeti: mabandiko kwanza, halafu ujumbe wa siri, halafu mengine, na wanachama wako mwishoni huko. Hilo liwe akilini mwako.

Usipandishe kitu mtandaoni. Fungua kwenye mashine yako tu. Zile pasiwedi zilihifadhiwa kwa MD5 tupu, njia ya zamani ya kuzificha, leo zinavunjwa kwa dakika, na kuna watu hawajabadilisha pasiwedi tangu 2006. Kila bandiko pia lina anwani ya IP ya mwandishi, yaani namba ya laini ya intaneti aliyoitumia, imeandikwa kwa herufi na tarakimu nane, futa safu nzima. Na ukiona alama za ajabu mahali pa herufi zenye vitone usitishike, ni mfumo wa zamani wa herufi, latin1, unasomwa kama ule mpya, UTF-8.

Dada wa Muscat, huyu bwana akifuata haya, ujumbe wa siri unaweza kufutwa kabla jicho la mtu halijaugusa. Amri moja tu.

#7 Mdau, Dar es Salaam

Wakuu, mi nasema uufufue. Domeni siku hizi unalipia kwa simu ukiwa kitandani, huhitaji binamu. Intaneti ipo. Uchungu wenyewe ni kwamba mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, mwaka mmoja baada ya ukumbi wenu kufa kwa kukosa kadi.

Ila nikumbushe na hili ili usije ukaingia kichwa kichwa. Mwaka 2018 zilipokuja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, kuendesha jukwaa au blogu kukawa na leseni: maombi laki moja, leseni milioni moja, na ada ya mwaka milioni moja nyingine. JamiiForums yenyewe, iliyoanza 2006 kama Jambo Forums, ilizima kwa wiki kadhaa Juni ile. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, lakini blogu nyingi ndogo zilizofungwa mwaka ule hazikurudi. Nilikuwa na yangu ya historia ya bendi za zamani. Nilipiga hesabu ya hizo milioni mbili na laki moja na mshahara wangu, nikaandika kwaheri, nikafunga. Naumia mpaka leo nikiona mtu anauliza mtandaoni jambo ambalo niliwahi kuliandika kirefu na halipo tena popote.

Tulikotoka ni mbali. Michuzi, yule mpiga picha wa magazeti, alifunguliwa blogu Helsinki, Septemba 2005, mwanablogu Ndesanjo Macha akimwonyesha namna, ndani ya muda mfupi tu, na baada ya hapo kila mwenye kamera na la kusema akafungua ya kwake. Hatukuomba ruhusa wala hatukuuliza bei.

#8 Mleta mada

Dada yangu wa Muscat, nimesoma ujumbe wako mara nne. Yasini hiyo naishukuru, na kosa ni langu. Ningeweza kuandika mistari mitatu mahali fulani, hata kwenye ukumbi wa watu wengine, kwamba nipo na ukumbi umekufa. Niliona aibu. Ujumbe wa siri hautasomwa na mtu, nakuahidi mbele ya hawa wote.

Fundi wa Dodoma, leo usiku nairudisha mashine yangu ya zamani yenye sehemu ya CD. Nitaleta mrejesho.

Mkuu wa Dar, kufufua sifikirii. Nina miaka ambayo sikuwa nayo, na wale watu wametawanyika. Ninachotaka ni wao wapate walichoandika.

#9 Mleta mada

Mrejesho, wakuu. Samahanini kwa siku tatu za kimya.

Taswira ilichukua saa kumi na moja. Sehemu iliyogoma ni ndogo sana, lakini ilikaa palepale pabaya. Faili ilifunguka vizuri mpaka katikati ya maandishi ya mabandiko, ikasimama. Kwa hiyo ninayo mabandiko ya tangu ile "Hodi wenyewe" mpaka karibu mwisho wa 2005. Ujumbe wa siri haukufikiwa hata mmoja, dada, umekwenda na kile kidoti. Na orodha ya wanachama imekwenda nayo.

Maana yake ni kwamba ninayo maneno lakini sina majina. Kila bandiko lina namba tu ya aliyeliandika. Mimi ni namba 2, phpBB humpa admin namba hiyo. Wengine wote ni namba tupu.

Nilikaa jana kutwa nasoma. Mwanzoni nilitaka kulia. Halafu nikaanza kuwajua. Namba 17 anaanza kila bandiko kwa "haya jamani" na hawezi kupita siku bila kutaja nazi, huyo ni wewe, modi. Namba 8 ni yule mzee wa herufi kubwa, Mungu amrehemu, aliyekuwa reli. Ameandika mabandiko zaidi ya mia mbili kuhusu stesheni za njia ya Tanga, stesheni kwa stesheni, nani alikuwa bwana stesheni, maji ya injini yalichotwa wapi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliandika yote yale. Nilimtaka apunguze herufi kubwa wakati ule. Sasa nimeziacha hivyohivyo.

Na nimeikuta ile mada ya barabara za Ngamiani. Mnaikumbuka? Mtu alianza tu kwa kuuliza nani anakumbuka Barabara ya 9, nyumba kwa nyumba. Watu wakaanza kujaza. Mmoja yuko Toronto, mwingine Doha, mwingine palepale Tanga akitoka na daftari kwenda kuhakikisha. Nani alikaa wapi, mlango ulikuwa rangi gani, nani alikuwa na redio, nani alikuwa na kisima. Wakimaliza barabara moja wanaingia nyingine. Hakuna ramani ya namna hiyo popote, si manispaa wala kwenye simu zenu.

Nimeamua. Mtandaoni haiendi. Nimeondoa IP zote, na mada zenye ugomvi au siri za watu nimezitenga. Za stesheni na za barabara nitazichapa kwenye karatasi na kuzishona kama kitabu, nakala ishirini. Kila aliyeandika apate yake, na za mzee wa reli nitazipeleka kwa wanawe, nimeshawapata. Lakini nahitaji majina ya namba, na njia pekee ni nyinyi kuwatambua watu kwa maandishi yao. Nitawaleteeni kidogo kidogo.

Ninaanza na bandiko la mwisho kabisa kwenye faili, ndipo kidonda kilipo. Ni namba 41, Barabara ya 14:

"Ukitoka bombani unaiacha nyumba ya fundi cherehani mkono wa kushoto, ile yenye baraza ndefu, mkabala wake palikuwa na mwarobaini. Inayofuata ilikuwa ya"

Imeishia hapo.

#10 Modi wa zamani, Muscat

Haya jamani. Nimejiona nimesema "haya jamani" kabla sijajizuia.

Namba 41 namdhania. Alikuwa kijana, mpole, anaandika usiku sana, hakuwahi kugombana na mtu. Nadhani alikuwa Leicester. Kama ndiye, aliwahi kuniambia amelelewa na bibi yake. Hebu mwenye ndugu Leicester aulize, watu wa Tanga pale wanajuana. Na mimi nitalitafuta lile daftari la michango, mna majina ya kweli ndani na tarehe. Ukizilinganisha na mada za tanzia utapata namba nyingi tu.

#11 Mwanachama mpya

Shikamooni. Nimejiunga leo, shangazi kanitumia linki.

Mimi si namba 41, ila yeye ni mjomba wangu. Yuko Leicester kweli, anaendesha basi, atatoka kazini saa tano usiku kwa saa zenu na nimeshamwachia ujumbe. Wakati tunamsubiri niseme ninachokijua.

Inayofuata ilikuwa ya bibi yetu. Milango miwili, wa mbele wa kijani, wa uani wa bati. Alikuwa anauza kashata na visheti kwenye beseni la bluu pale kizingitini, na watoto wa madrasa wakipita jioni anawapa vilivyovunjika. Baada ya hapo kuna uchochoro, halafu nyumba ya mwalimu mmoja mwenye baiskeli ya Phoenix. Baada ya mwalimu sikumbuki, ilikuwa ndogo na ilikuwa imefungwa siku zote. Mjomba atakuwa anajua ilikuwa ya nani.